Uchambuzi wa kisa: Mama wa nafaka na kikundi ambacho hakikuwa kwenye orodha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa Nakuru aliyekunywa pombe kwa miaka mingi, akaacha, akarudi, akaacha tena. Yeye na mdogo wake wamekubali kiandikwe. Majina si yao. Mitaa, soko, kanisa na vikundi nimeviacha bila majina, na mambo mengine madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Tutamwita Zipora, na mdogo wake Dorika. Mimi ni mnasihi. Nilianza kukutana nao Zipora alipotoka hospitalini, kwa hiyo yaliyotangulia nayaeleza kama walivyonisimulia wao na muuguzi aliyemhudumia.

Nimewaandikia wanasihi wenzangu, wauguzi, wahamasishaji wa afya mitaani, viongozi wa dini, na yeyote aliye na mtu wake anayekunywa. Kila wiki kuna anayeambiwa "tafuta kikundi", akaondoka na karatasi mkononi, asifike. Asipofika tunasema hakuwa tayari. Zipora alikuwa tayari tangu alipotoka wodini. Hata hivyo, kukipata kikundi kilichomfaa kulimchukua karibu miezi minne, na katikati ya miezi hiyo alirudia pombe kwa sababu ambayo haikutoka kwake.

Usuli

Zipora ana miaka arobaini na kitu. Ana duka la nafaka kwenye soko moja la mjini: mahindi, maharagwe, ndengu, njugu. Mumewe ni dereva wa lori la masafa, Mombasa hadi Malaba, na hulala nyumbani siku chache tu kwa mwezi. Wana watoto wawili, mmoja shule ya bweni na mwingine wa kutwa.

Pombe aliianza na wenzake wa sokoni siku za chama. Bia mbili, nyama, hadithi, kila mtu kwake. Mumewe alipoanza kukaa barabarani muda mrefu zaidi, Zipora akaanza kununua kota ya spiriti njiani akirudi nyumbani. Baadaye kota ikawa haitoshi, akanunua mzinga na kuuficha kati ya magunia. Hakuwahi kuonekana amelewa barabarani. Jirani zake walimjua kama mama mchapakazi anayependa kufunga duka mapema.

Kijana anayemsaidia dukani alinieleza asubuhi moja ambayo kila mnasihi anafaa kuisikia. Mteja alitaka gorogoro tatu za maharagwe. Zipora alichota, mkono ukatetemeka, maharagwe yakaruka nje ya mkebe na kutapakaa miguuni kwa mteja. Akacheka, akasema ni baridi, akaingia nyuma ya magunia na kikombe chake cha kifuniko. Baada ya dakika kama kumi alirudi akapima gorogoro zote tatu bila punje kuanguka. Mteja aliondoka ameridhika, lakini kijana aliinama kuokota yale maharagwe akijua sasa kikombe kile hubeba nini.

Mkono unaotulia kwa kunywa ni dalili kubwa. Watu huita kuzimua, au kutoa loki, na huichukulia kama mzaha wa walevi. Maana yake ni kwamba mwili umefika mahali ambapo haufanyi kazi bila pombe, na hapo kuacha kwenyewe kunahitaji daktari.

Siku mbili za kufungiwa

Jamaa waligundua ukubwa wa jambo kupitia deni. Msambazaji wa mahindi alimpigia kaka mkubwa wa Zipora kuuliza kama duka linafungwa. Kikao kikaitishwa: kaka, Dorika, mchungaji, shangazi wawili. Waliamua alale kwa Dorika, kwenye chumba cha nyuma, mlango ufungwe kwa nje, apewe supu na maji, waombe naye asubuhi na jioni mpaka "sumu itoke".

Waliamua hivyo kwa upendo, na sioni haja ya kumlaumu yeyote. Lakini usiku wa pili Dorika alisikia kishindo. Alifungua akamkuta dada yake amekakamaa sakafuni, mdomo una povu, ameuma ulimi. Walimpeleka hospitali kwa gari la jirani.

Kilichompata kinafahamika vizuri katika tiba. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatiwa ghafla, mtetemo na jasho huanza kati ya saa 6 na 12 tangu kinywaji cha mwisho. Kifafa, kikija, mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka: wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, moyo unaenda mbio. Hali hiyo ya mwisho huua. Hospitalini hutuliza mwili kwa dawa kama diazepamu, zinazopunguzwa pole pole chini ya uangalizi, na humpa mgonjwa vitamini B1 kwa sababu pombe ya muda mrefu huimaliza mwilini na ukosefu wake huharibu ubongo.

Kwa hiyo, kabla ya neno lolote kuhusu vikundi: anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, au aliyewahi kupata kifafa akiacha, aende kwanza hospitali. Hakuna mkutano, maombi wala nia njema inayozuia kifafa hicho.

Karatasi yenye nambari tatu

Wodini muuguzi alimuuliza maswali kumi ya kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani. Alama ya juu ni 40, na 20 kwenda juu huashiria utegemezi. Zipora alipata 26. Alipoona hesabu hiyo alilia, kisha akasema jambo ambalo Dorika hajalisahau: "Basi si tabia mbaya tu. Kuna jina lake."

Walizungumzia kituo cha marekebisho. Zipora alikataa na sababu zake zilikuwa na uzito. Ada ilikuwa juu ya uwezo wao, mavuno yalikuwa yanakaribia, na duka ndilo lililolipa karo na lile deni. Muuguzi alipima upande mwingine: ana nyumba, ana mtu wa kukaa naye nyumbani, hatumii dawa nyingine, kifafa kimetibiwa. Wakakubaliana atibiwe akiwa nyumbani, arudi kliniki kila wiki mwanzoni, na aingie kwenye kikundi cha kusaidiana. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa hali yake. Kwa mtu asiye na Dorika ningesema tofauti.

Aliondoka na karatasi yenye nambari tatu. Ya kwanza haikuwa hewani. Ya pili ilikuwa ya kituo cha kulipia, wakaomba amana kabla ya mazungumzo. Ya tatu iliita tu. Zipora aliikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi na kusema vikundi hivyo ni vya watu wa Nairobi.

Dorika ndiye aliyepiga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Alizungumza na mnasihi, akaelezwa namna ya kumsaidia dada yake siku za kwanza, na akashauriwa aulize pia kwenye kliniki ya afya ya akili, makanisani, na kwa mhamasishaji wa afya wa mtaa wake. Hapo ndipo kutafuta kulipoanza kwa kweli, na ndipo waliponitafuta mimi.

Kikundi cha kwanza

Mchungaji alijua ushirika wa watu walioacha pombe na mihadarati, unaokutana Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa karibu, haukuwa na malipo, na kaka mkubwa aliuamini. Zipora alienda na shangazi.

Walimpokea kwa nyimbo. Kisha akaitwa mbele atoe ushuhuda. Alisema machache, akasimama akitetemeka huku watu wakipiga makofi. Mtu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Jumatatu kipande hicho kilikuwa kwenye WhatsApp ya jumuiya, Jumanne kikawa sokoni. Mteja mmoja alimwambia, kwa nia nzuri kabisa, "Mama, nimekuona, Mungu akuzidishie." Jioni hiyo Zipora alikunywa.

Dini imewatoa watu wengi kwenye pombe, nimewaona kwa macho yangu, na baadhi ya vikundi vya makanisani na misikitini vinaendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Kilichomuumiza Zipora ni ushuhuda uliotakiwa kabla ya imani kujengwa, na simu iliyokuwa ikirekodi. Mfanyabiashara wa mji kama wetu anaishi kwa jina lake. Msambazaji anamkopesha magunia kwa jina hilo.

Tangu siku hiyo kila kikundi tulikiuliza kwanza: kinachosemwa humu kinaenda wapi? Kuna anayepiga picha? Mgeni analazimika kusema?

Kikundi cha pili

Kliniki ilikuwa na kikundi chake, kizuri, chenye mnasihi aliyefunzwa. Kilikutana Jumatano saa 4 asubuhi. Hilo ndilo tatizo lote la kikundi hicho, nalo lilitosha. Mwenye duka la nafaka hawezi kufunga saa 4 asubuhi kila Jumatano bila watu kuuliza anakoenda, na zaidi ya hapo, saa 4 asubuhi hakuwa na haja ya kunywa. Hatari yake ilikuwa jioni. Tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, baa zimekuwa zikifungua saa 11 jioni siku za kazi. Karibu na saa hiyo ndipo Zipora hushusha mlango wa duka, akiwa amechoka, ana pesa mfukoni, na njia ya kwenda nyumbani inapita kwenye duka la vileo analodaiwa.

Tukatafuta kikundi cha jioni. Kilipatikana kimoja mtaa wa mbali, kinachofuata hatua kumi na mbili za kuacha pombe za Alcoholics Anonymous (AA), ule mtindo ulioanzia Akron, Ohio, 1935, walevi wawili walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao hawanywi. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha pombe. Hakuna ada, bakuli hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye nacho haulizwi. Watu hutumia jina la kwanza pekee. Mikutano mingine ni ya wazi, jamaa au mnasihi anaweza kukaa ndani, na mingine ni ya wenye tatizo pekee.

Nilipiga simu Zipora akiwa ameketi mbele yangu, nikampa azungumze mwenyewe na mtu wa kikundi. Mzee huyo alimwambia atamngoja nje ya lango saa 11 na nusu, amevaa sweta ya kijani. Dorika alimwambia, "Dada, twende tu. Mimi nitakaa nje hata kama ni saa mbili." Umbali ambao mwanzoni niliuona kuwa kikwazo Zipora aliupenda: nauli ya matatu mbili, lakini hakuna mteja wake hata mmoja upande ule.

Walikuwa wanaume tisa. Alisikiliza. Alirudi akasema amesikia mtu akieleza jinsi alivyokuwa akinunua pombe kwenye maduka matano tofauti ili mwenye duka asijue kiasi anachokunywa, na kwamba yeye alidhani ni mwanamke peke yake anayefanya hivyo. Aliporudi mara ya pili alizungumza.

Baadaye mwanachama mmoja alianza kumsindikiza mpaka steji, akaomba nambari yake, akampigia saa 4 usiku. Zipora aliacha kwenda. Jambo hili hutokea, na wanawake wanaoingia kwenye vikundi vya wanaume wanafaa kuonywa mapema wala wasiachwe wakajifikirie kwamba wao ndio waliokosea. Nilimpigia mzee wa sweta ya kijani. Alishtuka, akasema atalizungumza na mhusika, na akalizungumza. Kisha akaniambia, "Lakini kuna akina mama fulani. Hawapendi kutangazwa. Ngoja niwaulize."

Kikundi ambacho hakikuwa kwenye orodha

Siku mbili baadaye mama mmoja wa makamo alimpigia Zipora mwenyewe. Hakuuliza habari za pombe. Aliuliza bei ya ndengu, wakaongea biashara, kisha akasema: "Sisi tuko wanne. Tunakutana Jumamosi jioni. Ukija usiogope, hakuna atakayekuuliza kitu."

Wanakutana nyuma ya duka la fundi cherehani, kwenye chumba chenye mabenchi mawili na mabaki ya vitambaa. Kuna chupa ya chai. Wengine hufuma. Mmoja husoma hatua moja kati ya zile kumi na mbili, kwa Kiswahili walichokitafsiri wenyewe kwenye daftari la shule. Kila mtu huzungumza kwa zamu, na anayezungumza hajibiwi. Hakuna anayempa ushauri, hakuna anayesema "ungefanya hivi". Wanamaliza kwa sala fupi. Mmoja wao ni Mwislamu na husema yake kimoyomoyo.

Zipora alinyamaza Jumamosi mbili. Ya tatu, yule mama wa makamo alimuuliza wakiwa wanakunja mabenchi, "Saa yako mbaya ni ngapi?" Zipora akasema saa 11 na nusu. "Basi saa 11 na nusu nitakupigia kila siku mpaka uchoke." Alimpigia kila siku. Zipora hufunga duka simu ikiwa sikioni, hupita lile duka la vileo akieleza bei za siku, na simu hukatwa akiwa ameshavuka.

Sijaona tiba iliyomkaa mtu vizuri kuliko simu hiyo ya dakika saba.

Desemba

Mpango wetu ulikuwa mzuri kwa siku za kawaida, lakini haukuwa na neno lolote kuhusu Desemba. Chama cha sokoni kiligawa pesa za mwaka, mbuzi akachinjwa, mumewe alikuwa nyumbani na kreti ya bia, na kikundi kilikuwa kimepumzika kwa sababu wawili walisafiri mashambani. Zipora alikunywa siku tatu.

Siku ya nne aliipokea ile simu ambayo hakuwa ameipokea tangu karamu. Mama wa makamo alienda nyumbani kwake na mwenzake mmoja. Waliosha vyombo. Hawakumhubiria. Walimwambia, "Leo twende kituo cha afya kwanza, usije ukaanguka tena," wakampeleka, akakaguliwa, akapewa dawa. Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye benchi.

Mtoto wake mkubwa aliniambia baadaye kwamba zamani mama akinywa, nyumba nzima ilinyamaza wiki nzima. Safari hii kulikuwa na watu wazima jikoni wakiongea kwa sauti ya kawaida, na yeye akapata usingizi.

Matokeo

Ninapoandika, umepita zaidi ya mwaka tangu Desemba hiyo na hajakunywa tena. Deni la msambazaji limelipwa kwa awamu. Mikono haitetemeki. Anaenda kliniki kila baada ya miezi mitatu. Yale ambayo hayajatengemaa yapo pia: mumewe hajakubali kwamba ulevi ni ugonjwa na bado analeta bia nyumbani, na kaka mkubwa bado huuliza mauzo ya siku kwa sauti inayomuumiza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni mtu wa kumpokea. Utafiti mmoja mdogo uliochapishwa Marekani 1981 uliwagawa watu 20 katika makundi mawili. Wa kwanza walipewa maelezo ya kawaida kuhusu mikutano ya AA ilipo. Wa pili, mnasihi alimpigia mwanachama simu mbele yao, mwanachama akajitolea kwenda nao. Ndani ya wiki moja wote wa kundi la pili walikuwa wamehudhuria, na wa kundi la kwanza hakuna hata mmoja. Watu 20 ni wachache, lakini ndilo nililoliona kwa Zipora: nambari tatu kwenye karatasi hazikumfikisha popote, simu moja aliyopigiwa akiwa ameketi nasi ilimfikisha. Muuguzi mwenye foleni ndefu hana dakika za kuandamana na mgonjwa. Dakika tano za kupiga simu anaweza kuzipata, na kama nambari haiko hewani ni afadhali yeye agundue kuliko mgonjwa agundue akiwa peke yake nyumbani.

Je, vikundi hivi vyenyewe vinasaidia, au ni chai na maneno? Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotolewa 2020 yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Yaliona kwamba tiba zinazomwandaa mtu na kumuunganisha na AA husaidia kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na kwa kuacha kabisa hufanya vizuri zaidi. Karibu na kwetu, Eldoret, watafiti walitayarisha tiba ya kikundi kwa Kiswahili kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na wanaokunywa kupita kiasi, ikaendeshwa na wanasihi wa kawaida waliofunzwa, si wataalamu wa magonjwa ya akili. Matokeo ya jaribio la kwanza, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha waliohudhuria wakipunguza kunywa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo anayetafuta asidhani njia ni moja. Asiyetaka hatua kumi na mbili anaweza kufaidika na kikundi cha kliniki, mradi saa zinamruhusu.

Saa za mkutano nazipa uzito kuliko ubora wa msimamizi. Hili huwashangaza wenzangu. Kikundi chenye mtaalamu saa 4 asubuhi hakikumgusa Zipora jioni, wakati akina mama wanne wasio na cheti walimshika saa 11 na nusu. Tunapomhoji mtu tumuulize anakunywa saa ngapi, wapi, akitoka wapi kwenda wapi, kisha tutafute kikundi kinachoikata njia hiyo.

Kilichoshindwa kwanza ni kufungiwa, na hapo familia haikuwa na mtu wa kuieleza hatari. Naomba wachungaji na maimamu walijue hili la kifafa, kwa sababu wao huitwa kabla ya daktari. Cha pili ni udhibiti wa pesa. Kaka alipochukua laini ya M-Pesa ya duka, Zipora aliuza gunia la maharagwe kwa siri. Afadhali ilipatikana walipokubaliana kwamba mauzo yapelekwe benki saa 10 alasiri na yeye mwenyewe, akibaki na nauli. Udhibiti ulikuwa ule ule, ila sasa uko mkononi mwake. Cha tatu ni Desemba. Kila mpango wa kuacha pombe katika nchi hii uandikwe na siku za mgao wa chama, ruracio (sherehe za mahari), matanga na sikukuu, na uoneshe nani atakuwa na mtu huyo jioni hizo.

Kuhusu kuchagua: tulikubaliana na Zipora kwamba kikundi kisihukumiwe kwa siku moja, aende mara tatu. Kanuni hiyo ilimsaidia kwa kikundi cha pili, kile cha jioni. Kwa cha kwanza haikuwa na maana, kwa sababu aliyevunjiwa siri hatakiwi kurudi ili ajaribu tena. Na kile cha pili, pamoja na kasoro yake, ndicho kilichomfungulia cha tatu. Vikundi vya wanawake vinajificha kwa sababu nzuri, na hupatikana kupitia mtu aliye ndani ya kikundi kingine. Ndiyo maana humwambia mtu asikate uhusiano na kikundi kisichomfaa kabla ya kuuliza wenzake, "Nani mwingine anakutana?"

Dorika naye alihitaji watu wake. Kwa miezi alikuwa halali, akinusa vikombe, akihesabu pesa za dada yake. Jamaa wa walevi wana vikundi vyao duniani, Al-Anon, tangu 1951. Hatukupata cha karibu, tukamkutanisha na mke wa mwanachama mmoja wa kikundi cha pili. Wanaongea kila Alhamisi. Aliacha kunusa vikombe.

Kwa aliye mbali na mji

Wasomaji wengi watauliza: na aliye Molo ndani, au Kuresoi, afanye nini? Mikutano ya mtandaoni ya AA ipo kila siku, na kwa mwenye simu nzuri na bando inaweza kumshikilia wiki za mwanzo, ingawa mingi ni ya Kiingereza. Kliniki ya karibu bado ndiyo mlango wa kwanza kwa sababu ya ile hatari ya kifafa. Na kwa desturi ya AA watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanatosha kujiita kikundi. Akina mama wa cherehani walianza wakiwa wawili. Mwaka huu mmoja wa wageni wao, anayetoka mbali na nauli ikamshinda, ameanza kukutana na jirani yake kila Ijumaa jioni kwenye posho mili baada ya mashine kuzimwa. Zipora huwapigia simu saa 12, na daftari la hatua kumi na mbili wamelinakili kwa mkono.